Viazi vya Mama Mkwe Mbele ya Kamera ya Joto

Jamani, aibu hii nimeikalia muda mrefu, na leo naitoa mwenyewe kwa sababu nimegundua Zuhura anaizungusha mjini kwa namna yake (akisimulia yeye, viazi vinakuwa gunia zima na mimi nimezimia, na sikuzimia), kwa hiyo bora muisikie kwangu, mcheke mara moja mmalize, halafu kila mtu aendelee na maisha yake. Naweza kuisimulia sasa kwa sababu nimeshapona. Siku yenyewe nilikuwa tayari kuhama Tabora, na sikuwa natania.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha asali, njia ya kuelekea Kipalapala. Asali inakuja kwenye ndoo kutoka kwa wafugaji nyuki, tunaichuja, tunaijaza kwenye chupa, na kila chupa inawekewa kifuniko chenye karatasi ya foili ndani, ile ambayo ukinunua asali unaibandua kwa kucha huku unalalamika. Foili haijibandiki yenyewe. Chupa inapita chini ya mashine inayoipasha moto, gundi inayeyuka na kushika mdomo wa chupa pande zote, na ikishika vizuri hiyo asali hata isafiri hadi Dar es Salaam imelala kifudifudi haitoki tone. Ikiacha mwanya, hata mdogo kiasi gani, katoni nzima inafika inanata na sisimizi wanaipokea kabla ya mteja.

Zamani tulikuwa tunapindua chupa na kusubiri tuone kama itavuja. Siku hizi kuna kamera ya joto. Kamera hii haijali sura wala rangi ya kitu, inaona joto tu: kilicho baridi kinatokea buluu kwenye skrini, chenye joto kinatokea njano, chenye moto kabisa kinatokea cheupe. Chupa ikitoka kwenye mashine foili yake bado ina moto, kwa hiyo unaona pete ya njano inang'aa. Pete ikiwa kamili, chupa nzima. Pete ikikatika mahali, ujue pale gundi haikushika, na hapo mtambo unalia pii, mkono wa chuma unaisukuma chupa nje ya mkanda hadi kwenye sanduku la zilizokataliwa. Mimi ndiye ninayekaa na ile skrini. Nisijisifu sana, lakini mimi na ile kamera tulikuwa tunaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na watu wengi, na sikuwahi kufikiri kwamba iko siku itanigeuka.

Sasa ili mjue kwa nini iliniuma, lazima niwaambie kuhusu mama mkwe. Mume wangu Emanuel ni fundi cherehani kule Ng'ambo, tumeoana mwaka wa tano huu na Mungu hajatupa mtoto. Majirani wameuliza. Shangazi zake wameuliza. Mama mmoja wa kwaya ambaye hata jina langu hana hakika nalo (ananiita Felisia, mimi ni Felista) naye aliuliza, tena mlangoni mwa kanisa. Mama mkwe peke yake ndiye hajawahi kuuliza. Anaishi Ntalikwa, analima, anakuja mjini mara moja moja, ananisalimia, anacheka na mimi, anarudi kwake. Na kimya chake hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi, maana nilikuwa nakijaza mwenyewe kwa maneno yote mabaya niliyodhani anayaficha. Nilikuwa namwogopa yule mama kuliko bosi, na hajawahi kunifanyia ubaya wowote.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa sita, ile baridi yetu ya Tabora inayokufanya uongee na moshi unatoka mdomoni, tulikuwa tunategemea wageni. Wanunuzi wakubwa kutoka Dar, wanakuja kukagua kiwanda waamue kama watachukua asali yetu ya msimu mzima. Bosi wetu, Bwana Nasoro, kijana wa ukoo wa zamani wa biashara hapa mjini, mtu mzuri lakini wageni wakija anakuwa kama bwana harusi, alikuwa ametangaza jana yake: makabati yote ya chumba cha kubadilishia nguo yawe matupu na milango wazi, simu zibaki ofisini, na atakayekutwa na chakula ndani ya ukumbi wa kufungashia asijisumbue kurudi kesho.

Nafika getini, namkuta nani? Mama mkwe, kajifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi, mkononi ana kifurushi.

Nikapiga magoti pale pale kwenye kokoto, nikamwamkia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Nimelala kwa wifi yako. Emanuel ananiambia unakwenda kazini kila siku hujaweka kitu tumboni."

Mwenzenu nilivyosikia hilo neno tumboni, moyo ulilipuka (nikasema leo ndiyo leo, amekuja kuniuliza mbele ya mlinzi), kumbe alikuwa anasema chakula. Akanipa kile kifurushi kwa mikono miwili, nikakipokea kwa mikono miwili, kilikuwa cha moto. Viazi vitamu vya shamba lake, amevichemsha alfajiri na kuvizungushia kitambaa kizito.

"Vingali vya moto," akasema. "Na kitambaa changu nakisubiri hapa hapa. Ukimaliza kula uniletee, nina safari nacho sokoni."

Akaketi kwenye benchi la mlinzi.

Hebu niambieni, ningefanyaje? Kumpa mlinzi anitunzie? Kwanza yule mlinzi tunamjua, ukimwachia ndizi unarudishiwa maganda na pole. Pili, na hili ndilo kubwa, huwezi kupokea chakula cha mama mkwe kwa mikono miwili halafu ukamgeuzia mgongo ukampa mwanamume mwingine mbele ya macho yake. Kwetu hilo hata kulifikiria ni kukosa adabu. Kula pale pale? Gari la wageni lilikuwa limeshaonekana barabarani. Nikaingia navyo. Makabati matupu, milango wazi, hakuna hata pa kuficha pini. Basi ndiyo nikafanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa: nikakifungua kifurushi, nikavilaza vile viazi tumboni na kitambaa chao, nikavizungushia khanga yangu, nikapiga fundo, nikavaa koti jeupe la kazi juu yake. Saa ya chai nitavila nyuma ya stoo. Na msinicheke, nilisikia raha! Ile baridi yote mimi nina jiko langu binafsi, nikaenda kukaa kwenye skrini nikijiona mjanja.

Wageni wakaingia. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani mikubwa, Madamu Josefina, mpole lakini haachi kitu kipite. Nikawaonyesha pete nzima, nikawaonyesha pete iliyokatika, mtambo ukalia pii, chupa mbovu ikasukumwa, Bwana Nasoro akawa anatikisa kichwa kama baba anayemwangalia mwanawe akisoma risala. Mambo yanakwenda. Ndipo Madamu Josefina akauliza, kwa upole wake ule ule:

"Na mimi nitajuaje kama hii ni kamera kweli? Isije ikawa ni picha mliyorekodi, mnatuchezea."

Wenzangu, hapo ndipo alipomgusa Bwana Nasoro. Akasema, "Madamu, ngoja uone," akailegeza kamera kwenye chuma kinachoishikilia, akaigeuza kutoka kwenye mkanda, akatuelekezea sisi watu.

Ukumbi mzima ukacheka. Tulionekana kama mizimu ya sikukuu: nyuso njano, pua buluu kwa baridi, na miwani ya Madamu Josefina ilitokea myeusi tii kama amefungwa kitambaa machoni. Zuhura, rafiki yangu wa kwenye kuweka vifuniko, akapunga mkono, mkono wa njano ukapunga kwenye skrini. Bwana Nasoro akawa anaizungusha polepole, huyu, huyu, na huyu, na mimi nilikuwa nacheka kama mjinga mwenzao mpaka nilipoona inakuja upande wangu. Nikasogea nyuma ya nguzo. Nguzo yenyewe nyembamba. Nikatokea kwenye skrini, koti buluu, uso njano, na katikati ya tumbo kitu cha mviringo, cheupe, kinang'aa.

Kicheko kikakatika.

"Felista," Bwana Nasoro akasema, anaangalia skrini, ananiangalia mimi, anaangalia skrini.

Madamu Josefina akaweka mkono mdomoni. "Jamani, mama, hongera!"

Na kabla sijafungua mdomo Zuhura akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi stesheni ya treni, wengine wakadakia, nikakumbatiwa na watu wenye pua za baridi.

Sasa sikilizeni. Hakuna mtu ndani ya ule ukumbi aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba ile kamera haiwezi kuona mimba. Haioni ndani ya mtu. Inaona joto la juu tu, na kama umevaa koti inaona joto la koti. Ningeweza kuwaeleza hayo tangu asubuhi hadi jioni, ndiyo kazi ninayolipwa. Lakini nikieleza kwamba si mimba, swali linalofuata ni basi ni nini, na hilo ndilo sikutaka liulizwe mbele ya wanunuzi. Kwa hiyo nikatabasamu. Nikainamisha macho kidogo, kama mtu mwenye haya. Tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

Bwana Nasoro akabadilika, akawa mlezi. "Mleteeni kiti! Zuhura, toka haraka, kamnunulie soda pale dukani nje ya geti, mtu kama huyu hasimami!" Na Zuhura huyoo, anakimbia.

Nje ya geti. Mnajua nani ameketi getini.

Nilitaka kumkimbilia Zuhura, lakini hamwezi kujua ilivyo ngumu kukimbia na viazi tumboni. Nikabaki kwenye kiti, nimepakata aibu yangu, nikasikia kutoka getini kigelegele kingine, cha Zuhura, halafu sauti ya mlinzi ikipaa kama amefunga goli. Sikusikia sauti ya mama mkwe. Nikawa namwona tu akilini, miaka yote ile amekaa kimya, hajauliza, na leo furaha anapewa na mtu wa kununua soda, na furaha yenyewe ni ya uongo, na aliyeidanganya ni mimi. Kazi niliisahau kabisa pale. Wangenifukuza tu, ningeshukuru, mradi mtu amwambie yule mama ukweli, na huyo mtu asiwe mimi.

Bwana Nasoro akairudisha kamera mahali pake, akakaza, chupa zikaendelea kupita. Moja ikaegemea vibaya kwenye mkanda. Sasa mazoea ni kitu kibaya, nikainuka bila kufikiri, nikainama kuinyoosha, na nilipoinama nikasikia fundo la khanga linalegea. Nikabana tumbo. Nikachelewa. Kiazi kimoja kikateleza chini ya koti, kikatua juu ya mkanda, polepole, kikaanza safari yake kuelekea kwenye kamera.

Babu zetu wa mji huu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi pwani, kichwani, kwa miguu, miezi na miezi. Mimi nimeshindwa kubeba viazi kutoka chumba cha nguo hadi saa ya chai.

Skrini ikajaa kitu cheupe, kikubwa, hakina pete wala nini. Mtambo ukalia pii. Mkono wa chuma ukatoka ukakisukuma kiazi, kikadondoka ndani ya sanduku la zilizokataliwa. Kikafuata cha pili. Pii. Cha tatu, hicho kimebanduka ganda, pii. Mtambo haukukosea hata kimoja, na mimi nilisimama tu nimeshika koti, nikiangalia kama vile viazi vinatoka kwa mtu mwingine.

Madamu Josefina akaenda kwenye sanduku, akainama, akachungulia. Akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Bwana Nasoro," akasema, "hii asali yenu imeganda sana."

"Ni viazi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Si mimba. Ni viazi vya mama mkwe. Amenipa getini, nikakosa pa kuviweka, nisameheni."

Bwana Nasoro alikuwa na rangi ambayo hata kamera isingeipatia jina. Halafu yule Madamu akaanza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu yote, mpaka mwenzake akamshika mkono, na ukumbi mzima ukalipuka. Alipopata pumzi akarudi kwenye upole wake. "Chakula ndani ya ukumbi ni kosa, na litaingia kwenye ripoti yangu, sitalificha. Lakini wekeni kabati getini, Bwana Nasoro, huyu dada hakuwa na pa kuviweka. Na kuhusu mashine, basi, sina swali tena. Haijadanganyika."

Bwana Nasoro akanigeukia. Nikafumba macho.

"Simamisha mkanda, usafishe kila mahali, uoshe na sanduku," akasema. "Halafu nenda getini, Felista. Nenda upesi."

Nilisafisha ule mkanda mpaka mwisho ndipo nikaelewa kwamba sijafukuzwa. Na sikupata hata nafasi ya kufurahi, kwa sababu kulikuwa na geti.

Mama mkwe alikuwa pale pale kwenye benchi. Zuhura amesimama pembeni na soda mkononi, mlinzi anatabasamu masikio kwa masikio (yeye alishampigia simu Emanuel, ni mteja wake wa kushona suruali). Mama hakuwa anatabasamu wala hakuwa amenuna. Alikuwa ameweka mikono magotini, anasubiri.

Nikapiga magoti. Kitambaa chake nilikuwa nimekishika, kimelowa, nikampa kwa mikono miwili, kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja. "Mama, si kweli. Sina mimba. Ni viazi vyako, nilivifunga tumboni, kamera ikaviona, wakadhani, na mimi sikukataa, nilinyamaza, Mama, nisamehe."

Mlinzi akaacha kutabasamu.

"Viazi vyangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulivifunga tumboni, vya moto vile?"

"Ndiyo, Mama."

"Vimekuunguza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote duniani isipokuwa hilo. Akanivuta, akafunua koti kidogo, akaona ngozi imekuwa nyekundu, akatoa sauti ya kuhurumia kwa Kinyamwezi, akachukua soda ya baridi kutoka kwa Zuhura akanigandamizia pale tumboni. Nikaanza kulia kama mtoto.

"Huyu aliponiambia," akasema, akimwonyesha Zuhura kwa kidevu, "nilisema habari kama hiyo mwenye nayo ndiye atakayenipa. Nikakaa."

"Nilikuwa naogopa, Mama. Hujawahi kuniuliza. Nikajua umekasirika."

"Nikuulize nini? Hilo ni la Mungu, na lenu wawili. Mimi langu ni wewe kwenda kazini na njaa." Akaigeuza ile soda upande wenye baridi zaidi. "Kumbe miaka yote unaniogopa? Mimi nikadhani una haya tu."

Jamani, sijawahi kutua mzigo kama ule. Nilicheka na machozi yanatoka, naye akacheka, na tukiwa katika hali hiyo baiskeli ikaingia kwa kasi, Emanuel, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, jasho hilo, macho yamemtoka, hawezi hata kusalimia. Mama yake hakumpa nafasi ya kushuka.

"Rudi kazini, baba. Ni viazi."

Emanuel akaniangalia, akamwangalia mama yake, akaangalia soda iliyoko tumboni kwangu. Akakaa kwenye benchi akacheka mpaka futi ikaanguka.

Wanunuzi waliichukua asali yetu, lakini kwanza ukumbi ulikaguliwa upya. Kabati liko getini, la mbao, lina kufuli, na mlinzi hana ufunguo. Picha ya kiazi kwenye skrini ipo, Bwana Nasoro anaitumia kufundishia wafanyakazi wapya namna kitu kisicho na pete kinavyokataliwa, na kila mara anasema "mwulizeni Felista". Mimi nimeapa: chini ya koti langu hakitaingia tena kitu chochote isipokuwa mimi. Na nimeapa jingine, kwamba mtu akikaa kimya nisimwekee maneno mdomoni, nimwulize.

Mama mkwe bado anapita kila akija mjini. Mara ya kwanza baada ya ule mkasa alikuja na kifurushi kile kile, kitambaa kile kile, nikapiga magoti, nikapokea kwa mikono miwili, kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Nimevipoza usiku kucha," akaninong'oneza, anaangalia kule ukumbini. "Hiyo mashine yenu isikusumbue."